Nusu ya Neno la Siri

Ukimtafuta Semeni mjini Morogoro huna haja ya kuuliza sana. Shika njia ya Mji Mpya, pita mafundi cherehani, pita duka la dawa za mifugo, utasikia mashine ya kudurufu inavyohema kama mtu mwenye pumu. Hapo ndipo kwenye steshenari yake. Chumba kimoja, mlango wa bluu, kompyuta mbili, na yeye mwenyewe kwenye kiti chenye mto uliobonyea kwa miaka. Kanga iko mabegani hata wakati wa joto, maana anasema mgongo wake siku hizi unasikia baridi bila kuambiwa. Wengi humwita Mama Latifa.

Alizaliwa Turiani, baba yake akikata miwa. Alipomaliza shule alikuja mjini kujifunza kupiga chapa, na mwaka sabini na tisa akaajiriwa kwenye kiwanda kimoja hapa Morogoro, ofisi ya meneja. Kwa aliyekaa meza ile, vidole vilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa mdomo, kuufunga. Barua za onyo, barua za kupandishwa cheo, fulani kaiba nyuzi, fulani anahamishwa, zote zilipita kwake kabla hazijamfikia mwenyewe. Wenzake walimtazama usoni asubuhi kama watu wanaotazama mawingu, labda wataona dalili. Hawakuona kitu.

Akaolewa na Dadi, fundi wa karakana ya kiwanda hichohicho. Mtu wa mzaha, mpenda chai ya tangawizi.

Ikaja miaka ile ya mashirika ya umma kuuzwa. Siku moja mwaka tisini na nne, meneja alimwekea mezani karatasi saba za mwandiko wake, akafunga mlango. "Hii ni siri mpaka mwisho wa mwezi, Semeni. Mpaka mwisho wa mwezi." Yalikuwa majina ya wanaopunguzwa. Akaanza kupiga. Kwenye karatasi ya tatu akamkuta Dadi. Aliniambia kwamba vidole havikusimama. Akili ilisimama, vidole vikaendelea, kwa sababu ndivyo vilivyofundishwa. Karatasi ya mwisho, mstari wa mwisho, aliandika: mpiga chapa, mmoja. Na jina lake mwenyewe.

Akakaa na jambo hilo wiki tatu. Katika wiki hizo tatu mjomba wake Dadi alileta ujumbe kutoka Turiani: kuna shamba la mpunga, mwenyewe anahama, aje alichukue haraka kabla halijapata mtu. Dadi akacheka. "Mie na matope wapi na wapi? Mie nina kazi." Semeni alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina.

Orodha ilipobandikwa getini, Dadi alirudi nyumbani mapema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini. Alipokwenda Turiani shamba lilikuwa na mtu mwingine. Wamebaki pamoja mpaka leo, wamelea, wameozesha. Lakini tangu siku ile Dadi hajawahi kumuuliza mkewe, hata kwa utani, leo umepiga nini kazini.

Mwenye vidole hafi njaa mjini, hasa mji wenye chuo. Semeni alianza na taipu moja barazani, baadaye akapata kompyuta. Wanafunzi wa Mazimbu walimletea tafiti zao, wazee wosia, wanawake talaka zao za kupeleka mahakamani. Kila mmoja alimwinamia sikioni: mama, hii isitoke. Na haikutoka. Ila uzito wa mambo ya watu haupungui kwa kuwa hayakuhusu. Kuna jioni alifika nyumbani hataki kuongea hata bei ya nyanya.

Shule za binafsi nazo zikaota kila kona ya mkoa. Tisa kati yake zikaungana kutunga mtihani mmoja wa moko, wa kujipima, kwa kidato cha nne, na kamati yao ikamchagua Semeni kuuchapa. Miaka mitatu mambo yalikwenda. Mwaka wa nne, elfu mbili na sita, karatasi ya Biolojia ilionekana mikononi mwa wanafunzi siku mbili kabla ya mtihani.

Ilivujia wapi, hakuna aliyejua. Ilikuwa imechapishwa wiki nzima mapema na kulala kwenye makabati ya shule tisa. Lakini kamati ilikwenda kwa nani? Kwa aliyeandika. Walikaa kwenye viti vyake, wakanywa soda zake, na katibu wao, Mwalimu Mikaeli, akasema kwa upole kabisa:

"Mama Latifa, sisi hatusemi ni wewe."

Semeni alishaandika barua za kutosha maishani mwake kujua sentensi hiyo maana yake nini. Baada ya hapo alipopita sokoni aliona watu wakishusha sauti. Mama mmoja wa jirani alimuuliza hivi hivi, akichagua mchicha, kama kwa mwaka ujao angeweza kumsaidia mwanawe kidogo. Semeni alirudi nyumbani bila mchicha.

Sasa ndipo tunafika kwenye flashi.

Mwaka uliofuata kamati ilirudi kwake, kwa sababu hakuna aliyepiga chapa kwa kasi na usafi kama yeye. Akawaambia: nitafanya, lakini kwa masharti yangu. Mtihani hautakaa kwenye kompyuta, maana kompyuta hii inaguswa na kila mwenye shida ya barua. Utakaa kwenye flashi moja tu. Kila faili litafungwa kwa neno la siri. Na neno hilo litakuwa na nusu mbili: mimi naandika nusu yangu, nyie mmegeuka, kisha nageuka mimi, mwenyekiti wenu anaandika nusu yake. Mimi peke yangu siwezi kufungua. Nyie peke yenu hamuwezi. Flashi yenyewe mtaiweka kwenye sefu ya shule. Na uchapishaji ni Jumamosi, mtihani Jumatatu, karatasi zisilale wiki nzima zikisubiri.

"Hayo yote ya nini, mama?" Mwalimu Mikaeli aliuliza. "Si uweke paswedi yako tu, yaishe?"

"Ya nini? Ili mwaka huu mkija kunywa soda mje mkiwa na kiu tu."

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Shabani, alicheka. Alikuwa mzee mstaafu wa Kinole, hana shule anayofundisha, hana mwanafunzi, na ndiyo maana walimchagua. Wakakubaliana pia kwamba mwalimu yeyote ambaye shule yake ina watahiniwa asiijue nusu hata moja. Ilipokwisha kazi ya kupiga, miswada ya mikono ilichomwa kwenye debe nyuma ya steshenari, kamati nzima imesimama inatazama moshi, kama ilivyo desturi. Semeni akafuta kila kitu kwenye kompyuta mbele yao. Kilichobaki duniani kilikuwa kile kidude cha ukubwa wa kidole, chenye kamba nyekundu.

Alilala vizuri wiki mbili.

Jumamosi ya kuchapa, saa mbili asubuhi, Mwalimu Mikaeli aliingia na flashi kwenye bahasha yenye lakiri. Peke yake.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Hujasikia? Mjomba wake kafariki juzi. Yuko Kinole. Simu yake haipatikani tangu jana."

Semeni alivua miwani. Asiyejua milima ya Uluguru anaweza kusema, basi, mjomba amezikwa, mtu atashuka. Huko mtoto wa dada ndiye mwenye ukoo. Mjomba akifa, mpwa ndiye anayekalishwa mkekani, ndiye anayesubiriwa na wazee, na jina la marehemu humwangukia yeye. Hawezi kunyanyuka katikati akasema nina mtihani mjini.

"Lakini wewe unaweza kufungua," Mikaeli akasema.

"Naweza nusu."

"Mama Latifa, tuko wawili tu humu."

"Ndiyo nakwambia. Nusu."

Mikaeli akaigeuza bahasha mkononi. Ilionekana hakuwa ameamini hata siku ile ya kwanza. Alidhani ule mchezo wa kugeukiana migongo ulikuwa wa kuwafurahisha wazee. Akashika kichwa. Shule tisa, watoto mia sita na zaidi, na miswada imekuwa majivu. Ilikuwa wazi kwa wote wawili: mtihani usipokuwepo Jumatatu, watu hawatasema mwenyekiti alifiwa. Watasema yule mama tena.

"Basi nenda," Mikaeli akasema. "Mimi siruhusiwi kuijua. Nitakaa hapa na flashi. Akikwambia nusu yake, njoo ufungue, tuchape. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," Semeni akasema, akijifunga kanga.

Alipata Landrova mpaka Mkuyuni, na kutoka hapo akapanda na lori la fuso linalofuata ndizi. Sehemu ya mwisho alikwenda kwa miguu, njia nyembamba kati ya michungwa na midalasini, kila hatua mgongo ukimkumbusha umri. Mtu anayekaa kitini miaka ishirini na nane hana miguu ya mlima. Alisimama mara tano. Mara ya tano alikaa kabisa juu ya jiwe, akamsalimia mwanamke aliyekuwa anateremka na mkungu kichwani kwa mwendo wa mtu anayekwenda jikoni.

"Kwa msiba ni mbali?"

"Si hapo tu, mama!"

Hapo tu ilichukua nusu saa.

Alivua viatu, akawapa pole wanawake, akaitikiwa. Mwalimu Shabani alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wazee, hana hata koti lake la mjini, amevaa msuli na kofia, amedhoofika kwa siku mbili kama mwezi. Alipomwona alielewa mara moja. Akaomba ruhusa, wakaenda nyuma ya nyumba.

"Shikamoo Mwalimu. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Umepanda mwenyewe, Semeni? Na mgongo huo?"

"Nimepanda. Twende, Mwalimu. Ni kazi ya saa mbili tu, kisha gari litakurudisha."

"Siwezi. Alasiri hii wazee wanakaa. Nikiondoka, nimemkana mjomba wangu mbele ya ukoo." Akasogea karibu. "Sogea nikwambie hiyo nusu. Si kitu, ni neno fupi."

Semeni akarudi nyuma hatua mbili, mpaka mgongo ukagusa mti.

"Usiniambie."

"Nini?"

"Usiniambie, Mwalimu. Nakuomba."

"Semeni, mimi nakuamini."

"Mwaka jana mliniamini pia. Mpaka karatasi ilipoonekana." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na ugomvi. "Nikiijua leo, ikatokea lolote kesho, nitasema nini? Na hata lisipotokea, nitakuwa naijua. Mwalimu, mimi nimejaa. Tangu nina miaka ishirini na moja watu wananitia mambo yao. Hilo moja sitaki. Mpe mtu mwingine yeyote aje nalo, mimi nitakaa naye njiani mpaka aliandike kwa mkono wake. Asiwe mwalimu tu."

Mwalimu Shabani alifikiri, kisha akaita, "Dada!"

Bi Mwanaidi alitoka jikoni akifuta mikono. Dada yake mkubwa, miaka sabini na kitu, mwembamba, macho makali. Kusoma na kuandika alijifunza utu uzima, kwenye yale madarasa ya jioni ya zamani, na hajaacha kujivuna nako. Alieleweshwa kwa haraka.

"Yaani niende mjini nikaandike neno moja nirudi?"

"Ndiyo, dada."

"Huyu hana mikono?"

"Hatakiwi kulijua."

"Na mimi natakiwa?"

"Wewe huna mtoto kidato cha nne."

Bi Mwanaidi akatega sikio. Mwalimu alimnong'oneza. Semeni alikuwa amewapa mgongo, anatazama ukuta wa udongo, akasikia yule bibi akicheka, kicheko kifupi cha puani, msibani.

"Hilo tu? Na uzee wako huo, Shabani!"

Semeni aliniambia kicheko hicho kilimsumbua kuliko mlima. Maana binadamu ni binadamu.

Kuteremka, Bi Mwanaidi alikwenda mbele kama mbuzi, akimsubiri kila kona. Walipopata fuso la ndizi, dereva, kijana anaitwa Abuu, aliwaweka mbele wote wawili. Gari lilipoanza kuyumba, bibi akaanza kunong'ona peke yake. Midomo inacheza.

"Bi Mwanaidi, unafanya nini?"

"Nalirudia, nisilisahau."

"Lirudie moyoni!"

"Moyoni linapotea. Mie mpaka nilisikie. Au nikwambie tu, mwanangu, tuwe wawili? Sitamwambia Shabani."

"Hapana!"

"Haya. Usisikilize." Akaendelea kunong'ona.

Semeni afanye nini? Akaanza kuimba. Qaswida alizofundishwa madrasa Turiani akiwa mtoto, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya juu, ametazama dirishani. Walivuka mto anaimba. Walipishana na lori la mbao anaimba. Abuu alivumilia mpaka Mkuyuni.

"Samahani, mama zangu. Mnakwenda harusini?"

"Tunatoka msibani," Bi Mwanaidi akasema.

"Msibani? Na mama huyu anaimba hivi?"

"Mwache. Ana mambo yake."

Mbele ya Kiroka sauti ya Semeni ilikauka. Akageuka kwa hofu: bibi alikuwa amelala, kichwa kwenye mlango, mdomo wazi. Hapo hofu ikabadilika sura. Akiota atalitaja? Akiamka atalikumbuka? Hakujua amwamshe au amwache, akabaki ameshika kanga yake kwa mikono miwili mpaka Bigwa, ambapo bibi alifumbua macho mwenyewe.

"Lipo?" Semeni akauliza.

Bi Mwanaidi akakunja uso. Akatazama juu. Akatazama ndizi zilizoning'inia karibu na dirisha la nyuma.

"Bi Mwanaidi, lipo?"

"Lipo, lipo. Nilikuwa nakutania. Mbona umekuwa wa kijivu?"

Mwalimu Mikaeli alikuwa mlangoni, ameshakunywa chai za mtaa mzima. Alimtazama yule bibi mwenye miguu ya vumbi, kisha akamtazama Semeni.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Huyu ndiye mwenyekiti leo," Semeni akasema. "Msalimie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mna maji ya kunywa?"

Bibi akanywa, akakalishwa kwenye kiti cha mto. Bahasha ikafunguliwa, flashi ikachomekwa. Faili la kwanza likauliza neno. Mikaeli akapelekwa nje. Semeni akaandika nusu yake, bibi ametazama dari. Kisha akainuka, akampa kibodi, akaenda kusimama kwenye kona, uso kwenye kabati la karatasi.

"Haya, Bi Mwanaidi. Bonyeza herufi moja moja. Ukimaliza bonyeza ile kubwa ya kulia, yenye mshale."

Hakusikia kitufe hata kimoja.

"Bi Mwanaidi?"

"Nani kazipanga herufi hizi?"

"Zimepangwa hivyo kiwandani."

"A iko huku, B iko kule chini! Sisi tulifundishwa a, b, ch. Huyu aliyezipanga alikuwa amelewa." Akabonyeza kitu. "Na mbona naandika inatoka nukta?"

"Ni siri. Inaficha."

"Inanificha hata mie mwenyewe?" Akapapasa vitufe. "Semeni, mwanangu. Kuna herufi siioni. Nikikutajia..."

"Usinitajie!"

Mtu mwingine angecheka. Semeni alisema kabati lilikuwa karibu sana na pua yake, na akaona kwamba hapa ndipo kila kitu kitaharibika, kwa ajili ya herufi moja ambayo haruhusiwi kuisikia. Akafumba macho. Vidole vyake vikapanda vyenyewe hewani, kama vimewekwa juu ya taipu ile ya kwanza.

"Nisikilize, bibi. Nitakusomea zote. Yako utaikuta njiani, usiniambie ni ipi. Mstari wa juu, kuanzia kushoto: kyu, dabliu, i ile ya meno matatu, ambayo wewe unaiita e, ra, ta, ya, u, i ya fimbo, o, pa. Umefika ukingoni. Mstari wa kati..."

"Taratibu. Anza tena huo wa juu."

Akaanza tena. Akasoma mistari yote mitatu, akarudia, kwa sauti ileile ya chini, nao ule mguso wa kidole kimoja kikavu ukisikika mara hapa mara pale. Na kwa kuwa aliyepiga chapa miaka yote hiyo anaweza kujua kitufe kwa mlio wake na kwa upande ulikotoka, alipaza sauti kila aliposikia kidole kinashuka, ajizibe masikio mwenyewe. Mara ya kwanza mashine ilikataa. Mara ya pili ikakataa. Kila ilipokataa alirudi mezani, akaandika upya nusu yake, akarudi kwenye kabati. Nje Mwalimu Mikaeli alikuwa anasikia mtu mzima anasoma alfabeti iliyovurugika, mara sita, mara saba, na akasema baadaye kwamba hapo ndipo alipoanza kuona aibu ya mwaka jana, na hakuweza kuisimamisha.

Mara ya tatu bibi alisema, "Ee! Yamekuja maandishi."

Semeni hakugeuka papo hapo.

"Yameandikwaje juu, bibi?"

"Mta... mtihani wa... ku-ji-pi-ma. Hisabati."

Mafaili yalikuwa tisa. Kwa hiyo kazi ile ilirudiwa mara nane zaidi, lakini sasa bibi alikuwa ameshazijua njia zake, na kwenye faili la sita alikuwa anabonyeza huku anauliza kama mjini siku hizi hakuna mtu anayeuza ugoro mzuri. Saa kumi na moja mashine ilianza kuhema. Bi Mwanaidi alipakiwa kwenye gari la mwisho la Mkuyuni akiwa na kilo mbili za sukari za kupeleka msibani, na kabla ya kupanda alimshika Semeni mkono.

"Umechoka wewe," akasema. "Si kwa leo."

Karatasi zilichapwa mpaka Jumapili adhuhuri, Mikaeli akihesabu na kufunga bahasha, Semeni akilisha mashine. Wakati fulani Mikaeli alisema, akiwa ameinamia lakiri, "Mama Latifa, mwaka jana..." Semeni akampa rundo lingine la Jiografia. "Fungia na hizi," akasema.

Mtihani ulifanyika Jumatatu. Ulifanyika Jumanne, ukafanyika wiki nzima. Hakuna karatasi iliyoonekana popote. Hakuna aliyekuja kutoa pongezi, maana katika kazi ya namna hii, ikienda vizuri hakuna tukio la kusimulia. Watu hupita tu barabarani na kusalimia kama kawaida. Semeni alipita sokoni. Aliuliza mchicha, akapewa mchicha.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Shabani alishuka mjini. Sasa alikuwa na jina la mjomba wake, na watu wa Kinole walimwamkia kwa jina hilo, lakini Semeni aliendelea kumwita Mwalimu. Alimletea mdalasini na machungwa, akakaa, akauliza hali ya mgongo, akauliza hali ya Dadi. Kisha akatoa bahasha ndogo mfukoni, akaiweka juu ya kibodi.

"Kamati imekaa," akasema. "Mikaeli mwenyewe ndiye aliyetoa hoja. Humo kuna nusu yangu. Tumeona mwakani usitaabike tena. Neno lote liwe lako. Watu wote tisa wameinua mikono, Semeni. Hakuna aliyepinga."

Alisema kama mtu anayekabidhi zawadi, na ilikuwa zawadi. Mwaka mmoja nyuma Semeni angelia kuipata. Aliitazama bahasha. Nje fundi cherehani mmoja alikuwa anamcheka mwenzake kwa kushona suruali yenye mguu mmoja mrefu.

"Nawashukuru, Mwalimu. Waambie nimeshukuru kwa moyo wote, na uwaambie hivyohivyo." Akaisukuma bahasha kwa ncha ya kidole mpaka ikafika ukingoni, upande wa mzee. "Lakini hii rudi nayo."

"Hatukushuku tena. Hilo ndilo nililokuja kukwambia."

"Nimelisikia. Nimelifurahia. Ila nikiwa nayo hiyo nitaamka usiku kuangalia kama bado ninayo. Mwakani mkifiwa tena, mleteni Bi Mwanaidi. Nitamsomea herufi."

Mwalimu Shabani akacheka polepole, akairudisha bahasha mfukoni.

"Hutaki hata kujua kilichomchekesha dada?"

Semeni akavuta kiti, akavaa miwani. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na barua ya kuandikiwa, anatazama kushoto na kulia kabla ya kuingia.

"Nataka sana," akasema. "Karibu, baba, karibu ndani. Kwaheri, Mwalimu. Msalimie Bi Mwanaidi."